Mwanamume wa Cincinnati Ambaye Mifupa Yake Haikuambiwa Iache Kukua

Mwanamume wa miaka 28 mwenye kimo cha sentimita 204 si ajabu. Viwanja vya mpira wa kikapu vina wengi wanaompita. Madaktari wa Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani, walimpima na kumfuatilia kwa miezi kwa sababu nyingine: alikuwa ameingia utu uzima bila kuacha kurefuka. Ndevu alikuwa nazo. Sauti ilishakuwa nzito siku nyingi. Nywele za pembe za paji zilishaanza kurudi nyuma. Lakini kimo kiliendelea kupanda, na magoti yake yalikuwa yakiinama kwa ndani kuelekeana, hali iliyozidi kadiri miaka ilivyosonga.

Kisa chake kilichapishwa Oktoba 1994 katika jarida la New England Journal of Medicine, na Eric Smith pamoja na wenzake. Nakieleza hapa hatua kwa hatua kwa sababu kilibadilisha jibu la swali ambalo kila mzazi mwenye kijana amewahi kujiuliza: ni kitu gani humwambia mfupa wa mvulana kwamba sasa basi? Kwa miongo mingi tulifundishwa kuwa ni testosteroni. Mtu huyu alikuwa na testosteroni ya kutosha kabisa, na mifupa yake bado ilikuwa inasubiri kuambiwa.

Mkono wa kushoto

Aliyewahi kuchemsha supu ya mbuzi mchanga anajua ninachotaka kusema. Unapoutoa mfupa wa mguu sufuriani, kichwa chake hubanduka kama kifuniko, na pale kilipobandukia unabaki uso mweupe wenye vibonde na vilima vidogo. Mbuzi mzee, hata umchemshe usiku kucha, kichwa cha mfupa hakitoki. Wauza nyama wazoefu huutazama mfupa wa mguu wa mbele na kukisia umri wa mnyama.

Pale panapobanduka ndipo palipokuwa na bamba la gegedu, na humo ndimo mfupa unamorefukia. Chembe za gegedu hujipanga safu kwa safu, hujigawa, huvimba, kisha hufa na nafasi yake hujazwa mfupa mgumu. Mtoto anarefuka kwa sababu kazi hiyo haisimami. Siku bamba likimaliza chembe zake, pande mbili za mfupa huungana na hadithi ya kimo inakwisha. Kwenye picha ya eksirei gegedu halionekani, kwa hiyo bamba lililo hai ni mstari mweusi kati ya mfupa na kichwa chake. Mstari ule hupungua, hugeuka uzi mweupe, kisha hupotea.

Ndiyo maana daktari akitaka kujua umri wa mifupa hupiga picha mkono wa kushoto, wenye vifupa vingi vinavyokomaa kwa mpangilio unaojulikana, na kuilinganisha na picha za kitabu. Kitabu kinachotumika zaidi ni cha Greulich na Pyle, ambacho toleo lake la pili lilitoka 1959, na picha zake ni za watoto wa Cleveland, mji mwingine wa jimbo hilohilo la Ohio. Tunakitumia hata huku kwetu, kwa watoto ambao hawajawahi kuiona Cleveland, na mara nyingi kinasaidia.

Mkono wa mwanamume yule ulipolinganishwa, ulisema miaka 15.

Wapenzi wa soka wataelewa uzito wa jambo hili. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17. Mchezaji ambaye bamba la mfupa mkubwa wa kifundo limeziba kabisa huhesabiwa amevuka umri. Kwa kipimo hicho, mtu mzima huyu mwenye ndevu angekubalika kama mvulana, na asingekuwa amemdanganya mtu yeyote.

Balehe ilikuwa imekamilika

Wazo la kwanza la daktari yeyote akiona mifupa iliyo wazi kwa mtu mzima ni kwamba balehe haikufika. Wavulana ambao korodani zao hazifanyi kazi hurefuka mikono na miguu kupita kiasi, kifua kikibaki nyuma. Kwa hiyo mtu alikaguliwa kwa makini, na ukaguzi wa balehe hautegemei mashine kubwa. Kuna hatua 5 alizozipanga daktari Mwingereza James Tanner, zinazosomwa kwa macho. Kuna pia kifaa cha Andrea Prader wa Zurich: uzi wenye shanga za mviringo wa yai, za kuanzia mililita 1 hadi 25, unaoshikwa kama tasbihi mkono mmoja huku mkono wa pili ukipapasa korodani na kutafuta shanga inayolingana nayo. Shanga ya mililita 4 ni mlango wa balehe kwa mvulana. Nywele huja baadaye, ingawa nyumbani ndizo zinazotangulia kuonekana.

Hapa inafaa nisimame kidogo kwenye nywele, kwa sababu ndizo zilizofunga njia ya wazo lile la kwanza. Kiswahili kina neno zuri, malaika, kwa vile vinyweleo laini visivyo na rangi vinavyofunika mwili wa mtoto. Shimo la unywele linalotoa malaika ni lilelile litakalotoa ndevu. Kinachobadilika ni amri. Homoni za kundi la testosteroni zikilifikia shimo la kidevuni, linapanuka, linazama zaidi kwenye ngozi, na unywele unaofuata unatoka mnene na mweusi. Sehemu za siri hutangulia, makwapa hufuata, uso huja mwisho. Ndevu zinahitaji hasa dihidrotestosteroni, umbo lenye nguvu zaidi ambalo testosteroni hugeuzwa kuwa. Amri hiyohiyo ikifika utosini kwa mtu mwenye urithi wa upara, shimo linafanya kinyume: linasinyaa na kurudi kutoa malaika. Homoni moja inakuza kidevuni na kupunguza utosini, na ni aina ya ngozi inayoamua.

Kwa hiyo mwili wenye ndevu, sauti nzito, nywele kamili za makwapa na dalili za upara ni mwili ambao testosteroni imepokewa na kutiiwa kila mahali. Mwanamume wa Cincinnati alikuwa hivyo. Kwa macho, alikuwa mwanamume aliyebalehe kikamilifu. Kitu kimoja tu juu ya ngozi hakikuwa cha kawaida: makwapa yote mawili yalikuwa na ngozi nyeusi iliyonenepa kama mahameli, alama inayowajulisha madaktari kwamba insulini ya mwili imepanda.

Damu ilivyosema

Vipimo vya damu vilithibitisha. Insulini ilikuwa juu na mwili wake ulikuwa hauimudu sukari ipasavyo. Testosteroni ilikuwa ya kawaida. Homoni mbili za tezi ya pituitari zinazoziamuru korodani, FSH na LH, zilikuwa zimepanda, jambo la kushangaza kwa mtu ambaye korodani zake zinafanya kazi. Na estradioli pamoja na estroni, homoni za kundi la estrojeni ambazo vitabu vingi huziita za kike, zilikuwa juu kuliko kawaida ya mwanamume.

Mtu mwenye estrojeni nyingi anatarajiwa awe na mifupa iliyojaa. Uti wake wa mgongo, ulipopimwa ujazo wa madini, ulionyesha gramu 0.745 kwa sentimita ya mraba. Hiyo ni mikengeuko sanifu 3.1, kipimo cha umbali kutoka wastani, chini ya wastani wa wanawake wa umri wake. Jitu la mita mbili lilikuwa na mifupa ya kizee.

Ukiyaweka haya pamoja, yanaeleza jambo moja. Estrojeni ipo tele, na hakuna anayeisikia. Inapiga hodi, na ndani hakuna wa kusema karibu. Ubongo na pituitari, ambavyo hutumia estrojeni kupima kama korodani zimeshafanya kazi ya kutosha, vinadhani bado, vinapandisha FSH na LH, korodani zinaongeza bidii, estrojeni inazidi, na bado mlango haufunguliwi.

Madaktari wakafanya jaribio la wazi. Kwa miezi 6 mgonjwa alivaa vibandiko vya estrojeni kwenye ngozi, na kiasi cha estradioli huru katika damu yake kikapanda mara 10. Kiasi kama hicho kwa mwanamume mwingine kingevimbisha matiti na kuzima FSH na LH. Kwake halikuonekana badiliko lolote, si kwenye homoni, si kwenye mifupa.

Herufi moja

Walichukua chembe nyeupe za damu yake, wakatoa DNA, wakaisoma jeni inayotengeneza kipokezi cha estrojeni, yaani kile kinachoishika homoni hiyo ndani ya chembe na kuipokea amri yake. Kipokezi hicho ni protini yenye asidi amino 595. Kwenye nafasi ya 157, herufi C ilikuwa imegeuka T, na kwa mabadiliko hayo maneno ya jeni yalisomeka "simama hapa". Protini ilikuwa inakatika kabla ya theluthi ya urefu wake, kabla ya sehemu inayoshika DNA na kabla ya sehemu inayoshika estrojeni yenyewe. Nakala zote mbili za jeni, ya baba na ya mama, zilikuwa na kosa lilelile. Wazazi walipopimwa, kila mmoja alikuwa na nakala moja nzima na moja mbovu, na ukoo ulipochorwa ilionekana wana undugu wa damu.

Hilo la undugu nalitaja kwa heshima, maana pwani yetu ndoa ya binamu ni jambo la kawaida na lenye faida zake za kuunganisha mali na familia. Hesabu yake ni hii: kila mmoja wetu hubeba makosa kadhaa ya jeni bila kudhurika kwa sababu nakala ya pili inafanya kazi. Wazazi wote wawili wakibeba kosa moja kutoka kwa babu mmoja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata nakala mbili mbovu. Kwa makosa adimu kama hili, karibu kila mgonjwa anatoka kwenye ndoa ya aina hiyo.

Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba kiumbe kisicho na kipokezi cha estrojeni hakiwezi hata kuzaliwa. Dalili kwamba wanakosea ilikuwa imekuja mwaka mmoja tu nyuma, 1993, pale Dennis Lubahn, Kenneth Korach na wenzao walipotengeneza panya wasio na kipokezi hicho, na panya wakaishi. Watafiti hao wawili wamo pia kwenye majina ya waandishi wa kisa hiki. Mwaka 1996 ikagunduliwa kuwa kuna kipokezi cha pili cha estrojeni, ambacho kwa mtu huyu hakikuguswa, na ambacho kwa wazi hakikutosha kufunga mifupa yake.

Kwa nini tulikosea muda mrefu hivyo

Wafugaji waliujua ukweli nusu tangu zamani. Maksai aliyehasiwa mapema huwa na miguu mirefu kuliko fahali wa umri wake, kwa sababu mabamba yake hukawia kuziba. Matowashi waliohasiwa utotoni nao walikuwa warefu wa viungo, na madaktari wa Ulaya waliliandika hilo mwanzoni mwa karne ya 20. Ukimpa mvulana asiye na korodani testosteroni, anapata ndevu na mifupa inafunga. Nani asingehitimisha kwamba testosteroni ndiyo inayofunga?

Njiani kulikuwa na fundi ambaye hakuhesabiwa. Ni kimeng'enya kiitwacho aromatasi, kilichomo kwenye mafuta ya mwili, kwenye korodani, kwenye mfupa wenyewe, na kazi yake ni kugeuza testosteroni kuwa estradioli. Kila aliyepewa testosteroni alipewa pia, bila kukusudia, estrojeni. Ukimhasi mnyama unamnyang'anya zote mbili kwa mpigo. Hapakuwa na njia ya kuzitenganisha kwa mwanadamu hadi apatikane mtu aliyezaliwa na moja ikifanya kazi na nyingine haifanyi.

Tena ushahidi wa upande wa pili ulikuwa umekaa vitabuni muda wote. Mwaka 1953 daktari Mmarekani John Morris alikusanya visa 82 vya watu wenye korodani ndani ya tumbo na umbo la nje la kike. Baadaye ilijulikana kuwa wanazo kromosomu za X na Y, na kwamba miili yao haina kipokezi cha testosteroni. Hawaoti nywele za makwapa wala za sehemu za siri, au wanaota chache sana. Malaika wanabaki malaika. Lakini wakifika umri wa balehe wanarefuka kwa kasi, matiti yanakua, na mifupa yao inafunga kama ya mtu yeyote. Ni kioo kamili cha mwanamume wa Cincinnati: kwao nywele hazina amri na mifupa inayo, kwake nywele zina amri na mifupa haina. Naamini majina tuliyozipa homoni hizi, hii ya kiume na hii ya kike, ndiyo yaliyotuzuia kusoma kilichokuwa mbele ya macho.

Kisha wakaja wengine. Mwaka 1995 iliripotiwa familia ambamo kaka na dada hawakuwa na aromatasi. Kaka alikuwa na miaka 24, kimo chake, kwa sadfa, sentimita 204, na mifupa ikiwa wazi. Mama yao alipokuwa na mimba zao aliota nywele na kubadilika sauti, kwa sababu kondo la nyuma halikuweza kugeuza homoni za mtoto kuwa estrojeni na zikamrudia yeye. Mwaka 1997 Cesare Carani na wenzake wa Modena, Italia, walieleza mwanamume wa miaka 38 wa aina hiyohiyo. Walimpa testosteroni, mifupa haikusogea. Wakampa kibandiko cha estradioli, na mabamba yaliyokuwa wazi kwa zaidi ya miaka 20 ya ziada yakafunga. Kwake hodi ilikuwa haijapigwa tu. Wa kupokea alikuwepo. Mwanamke wa kwanza mwenye kosa la kipokezi aliripotiwa 2013, akiwa na miaka 18, matiti hayajaanza na mifupa bado michanga.

Kinachofika mezani kwangu

Kisa adimu namna hii nakikumbuka zaidi ninapokuwa na wagonjwa wa kawaida. Mama mmoja aliingia na mwanawe wa miaka 14, mfupi kuliko wadogo zake wa shule. Kijana alinisalimia shikamoo kwa sauti ya kitoto, akakaa akiangalia viatu.

"Daktari, wenzake wote wamempita. Nimeambiwa kuna sindano za kiume, wanazichoma wale wa mazoezi. Hazimfai?"

"Mama, kwanza tuutazame mkono wake."

Tuliiweka picha kwenye mwanga. Mistari myeusi ilikuwa mipana kwenye kila kidole, kama mkono wa mtoto wa miaka 11. Nilimwonyesha kila mmoja kwa ncha ya kalamu, nikamwambia hapa kote ni nafasi aliyobakiwa nayo. Baba yake alichelewa vilevile, mama akakumbuka, alianza kunyoa akiwa jeshini.

Kijana wa namna hiyo mara nyingi anahitaji kusubiri na kupimwa kimo kila baada ya miezi michache. Daktari bingwa wa homoni anaweza kuamua kumpa testosteroni kidogo kwa muda mfupi, na inasaidia, ikiwemo kwa njia ya ile inayogeuka kuwa estrojeni. Lakini sindano za mitaani, kwa vipimo vya watu wanaojaza misuli, hufanya alichokifanya fundi aromatasi siku zote: sehemu yake inageuka estradioli, estradioli inaharakisha bamba kumaliza chembe zake, na kijana anapata kifua na ndevu kisha anabaki na kimo alichokuwa nacho. Hesabu ni hiyohiyo kwa mtoto anayebalehe mapema mno. Darasa la 3 anawapita wote, watu wanamsifu, na darasa la 7 wote wanampita. Mtoto wa kike anayeota matiti kabla ya miaka 8, au wa kiume anayeanza balehe kabla ya 9, apelekwe hospitali hata kama anaonekana ana afya njema na anarefuka vizuri. Kurefuka vizuri kwa wakati ule ndiko kunakoitumia nafasi yake.

Wapo waliojaribu kuutumia ukweli huu kwa upande mwingine, kwa kuwapa wavulana wafupi dawa za kuzuia aromatasi ili mabamba yakawie kufunga. Dawa zinachelewesha kweli, ila faida ya kimo cha mwisho si kubwa kama ilivyotarajiwa, na kwa baadhi ya vijana pingili za mgongo zilionekana na kasoro. Mwanamume wa Cincinnati alikwisha tuonyesha mfupa usiosikia estrojeni unavyokuwa: mrefu na mwepesi.

Yeye mwenyewe hakupata dawa katika yote haya. Wa Modena alifunga mifupa kwa kibandiko. Kwake kibandiko hakikuwa na cha kushika. Alipofika miaka 31, watafiti waliipima mishipa ya moyo wake, na waliikuta tayari na ugonjwa ambao mtu wa umri ule hapaswi kuwa nao.